Walimu wa darasa la ngoma na mazoezi mtaani: namna ya kuwapata, kuwafunza na kukaa nao

Tanga ina msemo wake wa tangu zamani, "waja leo waondoka leo", na ukitaka kuuona kwa macho, anzisha darasa la mazoezi. Mwaka wangu wa kwanza wa kusimamia darasa letu la Ngamiani tulipitiwa na walimu watano. Mmoja alipata kazi Dar es Salaam, mmoja aliolewa Muheza, wawili walikorofishana na wanafunzi, na wa tano tulimuaga wenyewe baada ya mama mmoja kuteguka goti kwa hatua ambayo hakupaswa kupewa. Ukumbi ulikuwa uleule, sabufa ileile, ada ileile, lakini kila mwalimu alipobadilika nusu ya wanafunzi walibadilika naye.

Vioo, rangi ya ukuta na jina la ukumbi nawaachia wengine. Hapa nasema na mtu mwenye ukumbi wa mtaa, na kikundi cha akina mama kinachotaka kujipanga, na pia kijana anayetaka kufundisha lakini hajui aanzie wapi. Fuata hatua kwa mpangilio, isipokuwa ile ya malipo. Hiyo isome hata leo usiku.

Hatua ya 1: Mtafute mwenye macho

Kosa letu la kwanza lilikuwa kumchukua mchezaji bora mtaani. Kijana yule alikuwa hodari kwelikweli. Akikata kiuno hata wauza kahawa wa nje walisimama dirishani. Tatizo ni kwamba alicheza na kioo. Saa nzima macho yake yako kwenye kioo, na ndani ya kioo anamwona yeye tu. Wiki ya pili bibi mmoja wa safu ya nyuma alimsubiri mpaka muziki ukaisha, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, wewe wajua kucheza, Mashallah. Ila sie huku nyuma twacheza nini?"

Swali la bibi ndilo ninalompimia kila mwalimu hadi leo. Mwalimu wa darasa la mtaa anafanya kazi na mtu wa safu ya nyuma: mwenye goti bovu, aliyetoka kujifungua, mzee aliyetumwa na daktari, binti mwenye haya. Wale wa mbele watacheza hata ukiwawekea redio peke yake.

Watu wa namna hii wako wapi? Anza na vikundi vya ngoma na kwaya, lakini usimwangalie anayeongoza wimbo. Muulize manju ni nani anayewafunza wageni wa kikundi, kwa sababu mara nyingi ni mtu mwingine kabisa, na ni mkimya. Walimu wa michezo wa shule za msingi nao ni hazina, maana wamezoea kundi la watoto sitini na filimbi moja. Ukimpata aliyesoma TaSUBa kule Bagamoyo, chuo kilichoanza mwaka 1981 kikiitwa Chuo cha Sanaa, utapata mtu aliyefundishwa ngoma za makabila mengi na anayejua kutunza mwili wake. Ila bado umpime kwa swali la bibi. Cheti hakioni safu ya nyuma.

Na huku pwani tuna walimu wa siku nyingi ambao hatuwaiti walimu wa mazoezi: makungwi. Yaliyo ya ndani yabaki ndani, sitayasema. Nasema ufundi wao tu. Kungwi humchukua binti asiyeweza kuinua uso na kumfundisha mwendo kwa wimbo, kwa kurudia, bila kumcheka mbele ya wenzake, mpaka mwili unakubali. Mwalimu bora niliyewahi kuwa naye ni mama wa makamo aliyelelewa katika kazi hiyo. Hakuwahi kuruka hata siku moja, na darasa lake lilijaa mpaka barazani.

Hatua ya 2: Usaili wa dakika kumi

Usimwombe acheze. Mpe wanafunzi sita wa kweli, wawili wakiwa wageni kabisa, na mwambie awafundishe kitu kimoja kwa dakika kumi. Wewe kaa nyuma na daftari, uangalie mambo machache. Je, ameuliza kama kuna mwenye maumivu kabla ya kuwasha muziki? Mtu akikosea, anafanya nini? Wapo wanaopiga kelele, wapo wanaojifanya hawakuona, na wapo wanaorudi kwenye hatua rahisi kwa darasa zima ili aliyekosea asijulikane. Huyo wa tatu mshike.

Kisha zima muziki ghafla, kama umeme umekatika. Hapa Tanga si jambo la kufikirika. Anayeendelea kwa makofi na sauti yake ameshafaulu nusu ya usaili. Anayesimama kukutazama wewe bado anahitaji kulelewa.

Mwisho muulize swali moja: "Mama akikuambia kifua kinambana, utafanyaje?" Jibu lolote lisiloanza na kusimamisha mazoezi halitoshi, na utamrudisha kwenye hatua ya 6 kabla hujamwachia darasa.

Hatua ya 3: Mfundishe kuhesabu na kuita

Hapa ndipo wachezaji wengi wazuri hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Muziki mwingi wa dansi unakwenda kwa nane. Hesabu moja mpaka nane mara nne na umepata kipande cha 32, ambacho ndicho kipimo cha mazoezi ya muziki karibu duniani kote. Wimbo hubadilika mwanzoni mwa kipande, yaani kiitikio huingia au ngoma huongezeka, na hatua zako zikibadilika hapohapo mwili wa mwanafunzi unakubali bila kuambiwa. Mpe mwalimu wako mgeni kazi ya nyumbani: asikilize nyimbo tano akiwa na kalamu, na kila nane apige mstari. Baada ya siku mbili atakuwa anasikia mipaka yenyewe.

Chakacha itamsumbua, na ni vizuri asumbuke mapema. Mdundo wake hugawanyika tatu tatu ndani ya kila pigo, ndiyo maana kiuno huzunguka badala ya kugonga. Mwalimu aliyezoea Bongo Fleva akiihesabu kwa mbili mbili darasa linakwenda pogo. Dawa yake ni kuhesabu mapigo makubwa tu na kuachia kiuno kijaze yaliyo katikati.

Singeli ni kinyume chake. Nyimbo nyingi zinapita mapigo 200 kwa dakika, na huwezi kumpeleka mama wa miaka hamsini kwa mwendo huo. Cheza nusu: wimbo wa mapigo 240, miguu iende 120. Vijana watakaotaka mwendo kamili waongeze mikono. Ili kujua mwendo wa wimbo wowote, hesabu mapigo kwa sekunde 15 kisha zidisha kwa 4. Kupasha mwili moto kunapendeza kati ya 110 na 125, katikati ya darasa 130 hadi 145, na kupoza chini ya 100.

Sasa kuita. Mwalimu mgeni huita hatua pale anapoifanya, na darasa linaifuata likiwa limechelewa hesabu mbili, kama mkia. Mfundishe kuita kabla. Ujanja tunaotumia ni kuzimeza hesabu nne za mwisho na kuweka jina la hatua mahali pake: "Moja, mbili, tatu, nne, sasa, mbele, twen-de!" Neno "mbele" limetua kwenye sita, mguu unaondoka kwenye moja. Afanye mazoezi hayo akiwa peke yake jikoni, akiwa kwenye baisikeli, popote, mpaka mdomo utangulie mguu bila kufikiri.

Kulia na kushoto ni janga jingine. Ukiwatazama wanafunzi, kulia kwako ni kushoto kwao, kwa hiyo unapaswa kusema "kulia" huku ukienda kushoto, na walimu wengi huchanganyikiwa katikati ya wimbo. Sisi tuliacha kabisa kulia na kushoto. Tunasema "mlangoni" na "dirishani". Mlango hauhami, utazame mbele utazame nyuma. Tangu siku hiyo mwalimu anaweza kugeuka awatazame watu usoni, na hapo ndipo anaanza kuwaona.

Haya, mfano mmoja wa kipande cha 32 cha kumfundishia mwalimu. Nane ya kwanza: hatua mbili za pembeni kwenda mlangoni, pembeni, unganisha, pembeni, gusa, kisha vivyo hivyo kurudi dirishani. Nane ya pili: hatua tatu mbele na kugusa, tatu nyuma na kugusa. Nane ya tatu: miguu imekaa upana wa mabega, magoti yamelegea, kiuno mara mbili mlangoni, mara mbili dirishani, kisha duara moja la polepole kwa hesabu nne. Nane ya nne: zunguka papo hapo kwa hatua nne, maliza kwa makofi manne. Afundishe nane ya kwanza peke yake mara nne, aongeze ya pili, arudi mwanzo na zote mbili, ndipo aiguse ya tatu. Anayefundisha zote nne mfululizo anaonyesha anachokijua, na darasa linabaki mikono mitupu.

Kwa kila hatua awe na ndogo yake. Kuruka kuna ndogo yake, ambayo ni kuinua visigino. Kuchuchumaa kuna kukaa nusu, au kukaa na kusimama kwenye kiti. Na aanze kwa kuonyesha ndogo, kubwa aiite "nyongeza". Ukiita ndogo "ya wazee", hakuna mzee atakayeifanya.

Hatua ya 4: Saa moja ipangwe kwa jua la Tanga

Dakika 10 za mwanzo ni za kupasha mwili moto kwa mwendo, viungo vikizungushwa bila kuvutwa na kushikiliwa. Hapa napenda lelemama, ngoma ya akina mama wa pwani: mwendo wa pole, mabega na mikono, mgongo umesimama. Inamwamsha mtu bila kumshtua, na mabibi wanafurahi kuona kitu wanachokijua kuliko wajukuu zao. Kisha dakika 30 hadi 35 za dansi yenyewe, wimbo mzito ukifuatwa na mwepesi. Dakika 8 za nguvu, yaani mapaja, tumbo na kusukuma ukuta kwa mikono. Zinazobaki ni za kupoza na kunyoosha, kila mnyoosho sekunde 15 hadi 30. Mwalimu anayekata kupoza kwa sababu muda umeisha anamwachia mtu kizunguzungu cha njiani, na wengi wetu tunarudi kwa baisikeli.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya nguvu angalau siku mbili. Madarasa matatu ya saa moja yanafikisha hapo, ndiyo maana tunapanga Jumatatu, Jumatano na Jumamosi badala ya siku mbili zinazofuatana. Kupima uwastani hakuhitaji mashine: mwanafunzi aweze kuzungumza lakini ashindwe kuimba. Mwalimu na aulize swali katikati ya wimbo, "Mama Rehema, watoto hawajambo?" Akijibiwa kwa neno moja lililokatika, apunguze.

Kati ya Desemba na Machi joto na unyevu wa Tanga havina mzaha. Jasho halikauki, hivyo mwili haupoi. Katika miezi hiyo tunahamia asubuhi saa 12 au jioni, tunafungua madirisha yote, na maji yananywewa kila baada ya nyimbo mbili, kiu iwepo isiwepo. Madafu ni mazuri lakini yana chumvi kidogo tu. Aliyetoka jasho la kulowa achanganye lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Na panga saa ukijua uko wapi. Magharibi hapa huingia kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo, kutegemea mwezi, kwa hiyo darasa la jioni liishe saa 12 kamili. Adhana ikilia sabufa inazimwa bila mwalimu kuambiwa. Mwezi wa Ramadhani tunahamisha darasa baada ya tarawehe, kwa mwendo mwepesi, au tunalifunga na mwalimu anajua mapema kwamba kipato chake kitashuka.

Hatua ya 5: Heshima ndani ya ukumbi

Darasa letu la wanawake lina pazia mlangoni, kikapu cha simu, na mwalimu mwanamke. Buibui linatundikwa, khanga inafungwa kibwebwe, na kinachochezwa humo kinabaki humo. Tuliwahi kuwa na mwalimu aliyejirekodi kwa ajili ya mtandao na nyuma yake akaonekana mke wa mtu. Video ilifutwa kabla ya saa kupita, lakini ilichukua miezi wanawake wale kurudi. Tangu hapo sharti liko kwenye mkataba: hakuna kupiga picha darasani bila ridhaa ya kila anayeonekana, mwalimu akiwemo.

Katika darasa la mchanganyiko, mwalimu hamgusi mtu kumrekebisha bila kuuliza, na "naweza kukushika bega?" inatosha. Afadhali zaidi asimame kando yake aifanye hatua vizuri, maana macho hurekebisha mengi.

Watu watakuuliza habari ya baikoko, ngoma ya kukata kiuno, kwa kuwa Tanga inajulikana kwayo hata kwa wasiowahi kufika. Maoni yangu ni haya: mwendo wa kiuno wa ngoma zetu ni zoezi zuri la misuli ya tumbo na mgongo, na hatuna haja ya kuagiza jingine kutoka ng'ambo. Namna ya kuchezwa ndiyo inayobadilika kulingana na nani yupo. Mwalimu anayejua kutofautisha darasa la akina mama peke yao na lile la Jumamosi lenye watoto na baba zao, huyo amelelewa. Asiyejua, usimpe ufunguo.

Jina "Zumba" ni alama ya biashara yenye wenyewe. Mwanzilishi wake ni Alberto Pérez wa Kolombia, na mwalimu anapaswa kuwa na leseni yao ili alitumie. Kama hana, andika ubaoni "dansi ya mazoezi" na maisha yanaendelea.

Hatua ya 6: Mwili wa mwanafunzi na siku ya dharura

Kila mwanafunzi mpya ajibu maswali haya kwa faragha, na si mbele ya foleni: una presha, kisukari, pumu au ugonjwa wa moyo? Umewahi kuzimia au kubanwa kifua ukifanya kazi? Una mimba, au umejifungua karibuni? Kuna kiungo kinachouma? Unatumia dawa gani? Anayejibu ndiyo kwa moyo au kubanwa kifua aende kwa daktari kwanza, hata kama ameshalipa.

Mwenye mimba isiyo na matatizo anaruhusiwa mazoezi ya wastani kwa ushauri wa kliniki yake. Mwalimu amwondolee kuruka, kugeuka kwa ghafla, na baada ya miezi mitatu ya mwanzo amwondolee kulala chali. Mwenye kisukari anayetumia insulini, sukari yake inaweza kushuka katikati ya darasa: atatetemeka, atatoka jasho la baridi, atasema mambo yasiyoeleweka. Kama bado ana fahamu na anaweza kumeza, apewe vijiko vidogo 3 vya sukari kwenye maji, asubiriwe dakika 15, na kama hajapata nafuu apewe tena huku usafiri wa hospitali unatafutwa. Kopo la sukari likae kando ya sabufa, lisikae kabatini kwa mtu aliyesafiri na ufunguo.

Aliyeteguka kifundo cha mguu: aache mazoezi, kifundo kifungwe, mguu uinuliwe, barafu iliyofunikwa kitambaa iwekwe dakika 15 hadi 20. Barafu ya mfuko hupatikana duka la jirani, na muuzaji wetu anajua akiona mtu anakimbia. Usimwachie mtu aukande kwa mafuta ya moto siku hiyohiyo, hata kama ni shangazi yako anayesisitiza.

Aliyezidiwa na joto mpaka amechanganyikiwa ni dharura. Mweke kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji na kumpepea, na safari ya hospitali ianze huku mkiendelea kumpoza. Na aliyeanguka, haitiki na hapumui kawaida, abanwe kifua katikati, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusimama mpaka msaada ufike. Mwalimu ndiye mtu bora wa kazi hiyo, kwa sababu mwendo wa 110 anao mwilini. Mfanyishe juu ya mto, na wimbo, mpaka ajue unavyochosha.

Ukutani ubandikwe namba za madereva wawili wa bajaji wanaolala karibu, na maelezo ya njia ya kwenda hospitali ya Bombo. Kusubiri mpaka mtu akumbuke ni nani mwenye gari ni kupoteza dakika ambazo huna.

Sakafu nayo ikaguliwe kila siku na mwalimu mwenyewe, kwa mguu mtupu. Vigae vyenye jasho vinateleza kama sabuni, kwa hiyo deki kavu ikae karibu. Soksi bila raba hapana. Kandambili hapana.

Hatua ya 7: Malipo

Urafiki mwingi nimeuona ukifa hapa.

Ukimlipa mwalimu kwa kichwa peke yake, mvua za masika zitamfukuza. Ukimlipa kiasi kilekile kila siku, hatajali kama wamekuja 8 au 30. Sisi tunachanganya. Tuseme ada ni shilingi 2,000 kwa darasa. Mwalimu ana kima cha chini cha 10,000, na kila mwanafunzi anayezidi wa kumi anamwongezea 500. Wakija 25, pato ni 50,000, na mwalimu anachukua 10,000 pamoja na 7,500, jumla 17,500. Ukumbi ukichukua 15,000 na umeme na maji 5,000, mfuko unabakiwa na 12,500.

Sasa hesabu siku ya mvua, wamekuja 6. Pato ni 12,000. Mwalimu anapata 10,000 yake, ukumbi na umeme vinataka 20,000, umepoteza 18,000. Ile 12,500 ya siku nzuri ndiyo inayoziba hapa, na ndiyo sababu haiguswi kwa pilau ya mwisho wa mwezi. Badilisha takwimu ziendane na mtaa wako, lakini fanya hesabu zote mbili, ya siku ya watu na ya siku ya mvua, mbele ya mwalimu kabla hajaanza. Akiziona mwenyewe hatakushuku.

Fedha ziingie kwa lipa namba ya kikundi, zisipitie simu ya mwalimu. Mahudhurio yaandikwe na mtu wa tatu. Mwalimu alipwe siku ileile au kila Jumamosi, kwa tarehe inayojulikana. Mkataba wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kawaida unatosha: siku, malipo, taarifa ya kutokuja, picha, na wiki ngapi za kuagana. Sisi tumeweka wiki 3. Zinatosha kumtambulisha mwingine.

Hatua ya 8: Karatasi

Ipite haraka lakini usiiruke. Ofisi ya serikali ya mtaa ijue mpo na mnamaliza saa ngapi, kwa sababu malalamiko ya kelele huanzia kwa mjumbe. Kikundi kinachocheza jukwaani kwa kiingilio kinahusika na BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na klabu ya michezo inasajiliwa chini ya Baraza la Michezo la Taifa. Nyimbo mnazocheza zina wenyewe chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kwa hiyo ulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, utaratibu ulivyo kabla hamjawa wakubwa. Nenda na katiba ya kikundi, majina ya viongozi na nakala za vitambulisho, itakupunguzia safari.

Hatua ya 9: Akae

Mwalimu huondoka kwa sauti kabla ya kuondoka kwa miguu. Anayepiga kelele juu ya sabufa mara tano kwa wiki atakauka koo ndani ya miezi michache, ataanza kukosa, kisha atasema amechoka. Mnunulie kipaza sauti cha kichwani hata cha bei nafuu, punguza sabufa, na mruhusu afundishe kwa ishara za mkono: vidole vinne, vitatu, viwili, kisha kidole kinachoelekeza mlangoni. Darasa letu la Jumatano linaendeshwa karibu lote kwa ishara na hakuna anayelalamika.

Asicheze kila wimbo kwa nguvu zote. Mazoezi ni ya wanafunzi. Mwalimu anayefundisha madarasa manne kwa siku huku akiruka yote atakuwa na magoti ya mzee akiwa na miaka thelathini.

Mara moja kwa mwezi kaa nyuma ya darasa lake na daftari kama siku ya usaili. Mkimaliza, mwambie jambo moja tu la kurekebisha, na mwambiane mkiwa wawili, mkinywa chai. Mambo matano kwa mpigo hayashikiki. Malalamiko ya wanafunzi yapitie kwako, yasimwagwe kwenye kundi la WhatsApp. Nimeona mwalimu mzuri akiondoka kwa ujumbe mmoja wa sauti uliotumwa saa 5 usiku.

Na kila mwalimu awe na msaidizi anayekua chini yake, anayesimama safu ya nyuma badala ya mbele. Mwezi wa kwanza msaidizi anaongoza kunyoosha viungo tu. Mwezi wa pili anaongeza kupasha moto. Mwezi wa tatu anapewa nyimbo mbili za katikati, kwa posho, huku mwalimu amesimama kando na mdomo umefungwa, ambalo ndilo zoezi gumu kuliko yote. Mwezi wa nne, siku moja ambayo hamkupanga, mwalimu atapiga simu kwamba amefiwa Pangani na hawezi kuja. Msaidizi huyo awe tayari anajua funguo za ukumbi ziko kwa nani, sabufa inachajiwa wapi, na ni mwanafunzi gani leo hatakiwi kuruka.